Mseto Umeiva, Mseto Imeshinda: Upatanisho wa Kisarufi wa Majina ya Timu katika Msimu wa Ligi

1.0 Utangulizi

Mwembesongo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Morogoro, mji uliokaa chini ya Milima ya Uluguru. Jina la kata hiyo linatosha kuanzisha somo la sarufi. Sehemu yake ya kwanza ni mwembe, nomino ya ngeli ya U-I, kama ilivyo katika Mwembechai na Mwembeyanga za Dar es Salaam au Mwembetayari ya Mombasa. Mwembe ukiangushwa na upepo, husemwa kwamba umeanguka. Lakini kata ikiongezeka watu, husemwa kwamba Mwembesongo imeongezeka watu. Siku ya shamrashamra husemwa kwamba Mwembesongo pamechangamka. Na vijana wa kata wakishinda mechi dhidi ya vijana wa kata jirani, habari hupokewa kwa maneno kwamba Mwembesongo wameshinda. Mti, kata, mahali na watu: viambishi vinne vya upatanisho vinazunguka jina moja, na mzungumzaji hapotei hata mara moja.

Mhadhara huu unashughulikia jambo hilo hilo katika uwanja ambako hutokea kwa wingi kuliko pengine popote, yaani uwanja wa mpira wa miguu. Kila msimu wa ligi, wasemaji wa Kiswahili hutamka na kuandika sentensi nyingi ambazo kiima chake ni jina la timu. Simba imeshinda, Simba wameshinda, Simba kashinda, Simba tumeshinda. Walimu wengi hukubali sentensi ya kwanza tu na kuzipiga mstari mwekundu nyingine tatu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba zote nne zina kanuni, na kwamba kila moja hujibu kwa namna yake swali lililo rahisi kuulizwa na gumu kujibiwa: timu inaposhinda, ni nani hasa ameshinda?

Mfano mkuu utakaotumika ni wa klabu ya Mseto ya Morogoro, iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975. Sentensi za mfano zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo. Alama ya kinyota mbele ya sentensi huonyesha kwamba haikubaliki masikioni mwa wasemaji.

2.0 Kwa nini Mseto

Ligi ya taifa ya Tanzania, ambayo leo huitwa Ligi Kuu, ilianza mwaka 1965. Katika miaka 10 ya mwanzo ubingwa haukutoka nje ya Dar es Salaam. Sunderland ilikuwa bingwa mwaka 1965 na 1966, Cosmopolitan mwaka 1967, na Yanga mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972. Sunderland, ambayo ilibadili jina mwaka 1971 na kuitwa Simba, ilitwaa ubingwa tena mwaka 1973. Yanga ikaurudisha mwaka 1974. Msimu wa 1975 ubingwa ulikwenda Morogoro kwa Mseto. Hiyo ndiyo klabu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kushika taji hilo. Mwaka uliofuata ubingwa ulirejea Simba, na ukakaa huko hadi mwaka 1980. Mseto haikuutwaa tena.

Msimu huo mmoja una thamani katika historia ya mchezo, lakini thamani yake katika isimu inatokana na jina la bingwa. Wachunguzi wanaotaka kujua tabia ya majina ya timu kwa kawaida huanza na Simba, kwa kuwa ni jina linalosikika kila siku. Ni chaguo lenye mtego. Simba ni nomino ya mnyama. Umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi, na upatanisho wake ni wa A-WA. Kwa hiyo mtu akisema Simba wameshinda, haijulikani kama wa- hiyo imetokana na watu wanaoichezea klabu au na wingi wa wanyama waliolipa klabu jina lake. Yanga nayo haisaidii sana, kwa sababu ni ufupisho wa jina la Kiingereza la Young Africans na haikuwa na ngeli ya asili katika Kiswahili.

Mseto ni tofauti. Ni nomino ya ngeli ya U-I inayojulikana na kila mpishi: wali uliopikwa pamoja na pojo au dengu. Kutokana na chakula hicho neno limepanuka hadi kutaja mchanganyiko wa aina nyingine, kama katika kilimo mseto na serikali ya mseto. Mseto wa chunguni umeiva, umeungua au umepoa. Haiwezekani kusemwa *mseto wameiva. Basi ikisikika sentensi Mseto walishinda, wa- hiyo haikutoka katika nomino yenyewe. Vilevile ikisikika Mseto ilishinda, i- hiyo haikutoka humo. Jina limeacha ngeli yake nyumbani, na mchunguzi anaweza kuona waziwazi limeipata wapi ngeli nyingine.

3.0 Nomino iliyofichika

Maelezo yanayofaa kwa i- ni kwamba nyuma ya jina la pekee kuna nomino ya jumla isiyotamkwa. Katika Mseto ilishinda nomino hiyo ni timu au klabu, ambazo zote huchukua I-ZI. Hili si jambo la mpira peke yake. Magazeti ya Uhuru na Mwananchi hupewa upatanisho wa LI kwa sababu ya neno gazeti: Mwananchi la jana, Uhuru limeandika. Mwananchi wa jana angekuwa mtu, na uhuru umeandikwa ingekuwa habari ya katiba.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Morogoro unatokana na mito. Mto Ruvu huanzia katika Milima ya Uluguru na kuteremka hadi Bahari ya Hindi. Masika husikika kwamba Ruvu umefurika, kwa sababu nomino iliyofichika ni mto. Lakini kwa klabu zilizochukua jina hilo, kama JKT Ruvu na Ruvu Shooting, husikika kwamba Ruvu imefungwa. Msikilizaji anayefungulia redio katikati ya taarifa ya habari hutambua kwa silabi moja tu, u- au i-, kama ameingia kwenye habari za mafuriko au za michezo.

Nadharia hiyo ya nomino iliyofichika inaeleza pia tabia ya klabu ya Majimaji ya Songea. Neno majimaji liko katika ngeli ya 6, pamoja na maji na mafuta. Hata hivyo husemwa Majimaji imeshuka daraja, na si *Majimaji yameshuka daraja. Kwa upande mwingine, klabu ya Reli ya Morogoro haikuleta mgongano wowote, kwa kuwa reli ni neno la I-ZI tangu lilipokopwa. Reli ya treni imekarabatiwa na Reli ya mpira imeshinda. Jina la namna hiyo ni la kustarehesha kwa mhariri, lakini halimfundishi mchunguzi lolote.

Hapa panahitajika tahadhari ya mbinu. Vichwa vya habari za michezo hupenda njeo ya -a-: Yanga yapaa, Mtibwa yabanwa. Mtafiti asitegemee data hizo peke yake. Kiambishi i- kikikutana na -a- huzaa ya-. Ya- ya ngeli ya 6 ikikutana na -a- huzaa ya- vilevile. Kwa hiyo Majimaji yashuka daraja haionyeshi kama mwandishi amefikiria klabu au maji. Hali ni hiyo hiyo kwa wa-. Kichwa cha habari kama Mseto watwaa ubingwa kinaweza kuwa na u- ya ngeli ya mseto iliyoungana na -a-, au wa- ya watu. Katika njeo kama -me-, -li- na -ta- viambishi hivi hutengana vizuri: umetwaa, imetwaa, wametwaa. Utafiti uliokusanya vichwa vya habari bila kuzingatia jambo hili utakuwa umehesabu viambishi viwili katika kapu moja.

4.0 Msimu mmoja, viambishi vinne

Kama nomino iliyofichika ingekuwa ndiyo maelezo yote, kila sentensi ingekuwa na i-, na mjadala ungeishia hapo. Sivyo ilivyo. Ili kuona kwa nini, inafaa kuufuata msimu wa ligi tangu mwanzo wake hadi mwisho.

4.1 I-: usajili, ratiba na msimamo

Msimu huanza mezani. Klabu inasajili, inalipa ada, inapangiwa ratiba, inatozwa faini, inapinga uamuzi. Katika hatua hii i- hutawala karibu peke yake. Husemwa kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Haisemwi *Yanga walianzishwa. Wachezaji wa mwaka 1935 hawapo tena, lakini Yanga ipo. Kiambishi i- kinataja kitu kinachodumu wakati watu wanaingia na kutoka.

Msimu huishia mezani pia. Msimamo wa ligi hutaja michezo iliyochezwa, mabao ya kufunga na ya kufungwa, na pointi. Timu inaongoza, inashika mkia, inapanda au kushuka daraja. Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoani Morogoro, ilikuwa bingwa mwaka 1999 na 2000. Ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2023/2024. Ikarejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/2026. Maelezo yote hayo ni ya i-, na ndivyo yalivyostahili kuwa.

4.2 WA-: dakika tisini

Filimbi ikipulizwa, sarufi hubadilika. Mseto wanakuja, wanapita upande wa kulia, wanapasiana, wanapoteza mpira, wanarudi nyuma kuzuia. Vitenzi vya mwili, vya juhudi na vya hisia huita wa-: kukimbia, kuchoka, kulalamika, kukata tamaa. Sababu moja ni ya maana: klabu haina miguu. Sababu nyingine ni ya kimofolojia. Kauli ya kutendana hudai watendaji zaidi ya mmoja. Kwa hiyo Mseto wanapasiana husikika vizuri, ilhali Mseto inapasiana huleta ugumu. Lakini timu mbili zikihusika, ugumu huo hutoweka: Mseto imefungana na Yanga ni sentensi safi, kwa sababu sasa watendaji wawili ni klabu mbili.

Inafaa kukumbuka jinsi mechi zilivyowafikia watu. Televisheni za Tanzania Bara zilianza katika miaka ya 1990. Mwaka 1975 mkazi wa Mwembesongo ambaye hakwenda uwanjani aliifuata mechi kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na macho yake yalikuwa kwenye sauti ya mtangazaji. Mtangazaji wa redio hawezi kulitaja jina la timu katika kila kitenzi. Hulitaja mara moja kisha huacha kiambishi kiibebe timu hiyo hadi mpira utakapopotea. Kwa njia hiyo wa- ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na rangi ya jezi kwenye kioo.

4.3 A-: kijiweni

Mechi ikimalizika, mazungumzo huhamia kijiweni, na hapo timu huwa mtu mmoja. Yanga kapigwa mbili. Simba kaponea chupuchupu. Mnyama kafa. Kiambishi ka- katika sentensi hizi ni namna ya mazungumzo ya ame-, na upatanisho wake ni wa nafsi ya tatu umoja. Hapa hakuna klabu wala wachezaji 11. Kuna mhusika mmoja, kama wa hadithi, anayepigwa, anayekimbia, anayejificha na kurudi mwakani.

Matumizi haya huhusiana na utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo limetoka katika uhusiano wa utani baina ya koo na jamii, ambao Morogoro unajulikana vizuri misibani na harusini. Utani hauwezi kufanywa na taasisi. Mtu humtania mtu. Kwa hiyo sarufi humfanya mpinzani awe mtu kwanza, ndipo acheke naye au amcheke. Anayesahihisha Yanga kapigwa kuwa Yanga imepigwa huwa ameondoa utani wote na kubakiza matokeo.

4.4 TU-: nyumbani

Kiambishi cha nne ndicho kizito zaidi. Simba tumeshinda. Mwaka 1975 Morogoro tulichukua ubingwa. Sarufi ya darasani hueleza sentensi hizi kwa kiwakilishi kilichoachwa: sisi, watu wa Morogoro, tulichukua ubingwa. Maelezo hayo ni sahihi kuhusu umbo. Kuhusu maana, yanaacha jambo bila kuguswa. Aliyetamka sentensi hiyo huenda hakugusa mpira hata siku moja. Huenda alikuwa muuza nyanya, fundi cherehani au mwanafunzi wa shule ya msingi. Tu- haimaanishi kwamba alicheza; inamaanisha kwamba ushindi ulimhusu, na kwamba wakati wa kufungwa pia angesema tumefungwa.

Kwa hiyo tu- ni dai la umiliki, na ni dai linalofungamana na wajibu. Msikilizaji hutambua haraka mtu anayesema tumeshinda wakati wa ushindi na wamefungwa wakati wa kushindwa. Lugha haimkatazi, lakini jirani zake watamwambia.

5.0 Ndani ya sentensi moja

Imebaki kuonyeshwa kwamba uchaguzi huu una mpangilio na si wa kubahatisha. Mwaka 1979 mwanaisimu Greville Corbett alipendekeza ngazi ya upatanisho yenye hatua nne: kivumishi, kiarifu, kirejeshi na kiwakilishi cha nafsi. Kwa mujibu wa pendekezo hilo, kadiri mtu anavyotoka kwenye kivumishi kuelekea kwenye kiwakilishi, ndivyo upatanisho wa kimaana unavyopata nafasi dhidi ya upatanisho wa kiumbo. Katika Kiingereza cha Uingereza, kwa mfano, jina la umoja la timu au kamati huweza kufuatwa na kitenzi cha wingi, lakini kionyeshi kinacholitangulia hubaki cha umoja.

Kiswahili hutoa picha inayofanana. Katika a-unganifu, i- hushikilia kwa nguvu: Mseto ya Morogoro, Yanga ya mwaka 1974. Kwenye kitenzi, nafasi huwa wazi: Mseto ya Morogoro ilishinda au walishinda. Kwenye kirejeshi, wa- huongezeka: Mseto ya Morogoro, ambao walitoka nyuma na kushinda. Kwenye kiwakilishi, wa- hushinda kabisa: Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa, nao wakarudi nyumbani. Tazama sasa mpangilio uliogeuzwa: *Mseto walitwaa ubingwa, nayo ikarudi nyumbani. Msikilizaji atauliza ni kitu gani hicho kingine kilichorudi. Sentensi huweza kutoka kwenye klabu kuelekea kwa watu. Ikishafika kwa watu, hairudi nyuma kirahisi.

Vionyeshi vinahitaji maelezo ya ziada. Yanga hii hutumika katika kulinganisha: Yanga hii si ya mwaka jana. Yanga hawa husikika pia, lakini hubeba mshangao au hasira: Yanga hawa wana nini leo? Hapo mzungumzaji haoni tena klabu. Anawaona wachezaji mbele yake na angependa kuwauliza wenyewe. Hata hivyo katika yote mawili kanuni ya jumla haivunjiki, kwa sababu Yanga hawa huendelea na wa- hadi mwisho wa sentensi.

Kuna pia umbo ndi-, ambalo hukusanya mjadala wote katika silabi moja. Mseto ndiyo bingwa. Mseto ndio mabingwa. Mseto ndiye bingwa. Ya kwanza huandikwa kwenye kumbukumbu za ligi, ya pili husemwa wachezaji wanapozunguka uwanja na kombe, na ya tatu hutambiwa kijiweni. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya ndiyo, ndio na ndiye katika sentensi hizi ameelewa upatanisho wa Kiswahili kuliko aliyekariri jedwali la ngeli.

6.0 Majina ya utani kama njia ya kutokea

Waandishi wa michezo hujua, hata bila kufundishwa, kwamba i- huficha watu. Njia yao ya kuwarudisha ni jina la utani. Mtibwa Sugar ni jina la mahali na zao la kiwanda. Huchukua i- na hukaa ndani ya i-. Lakini Wakata Miwa wa Manungu ni watu, na huchukua wa-. Wekundu wa Msimbazi ni watu, Wanajangwani ni watu, Wagosi wa Kaya wa Coastal Union ya Tanga ni watu. Mwandishi aliyeanza aya kwa Mtibwa imefungwa anaweza kuendelea kwa Wakata Miwa hao walionekana kuchoka, na aya ikavuka kutoka klabu kwenda kwa wachezaji bila kuvunja kanuni yoyote.

Inastahili kuangaliwa jinsi majina haya yalivyoundwa. Wakata miwa ni jina la kazi. Kiwanda kilichotoa jina rasmi hakitajwi. Anatajwa mtu mwenye panga shambani. Katika enzi hii ya soka la kulipwa, ambapo klabu nyingi zinaendeshwa na makampuni au taasisi, jina la utani huipa timu wenyeji ambao cheti chake cha usajili hakiwataji.

Jina la utani la Reli ya Morogoro linafundisha zaidi. Iliitwa Kiboko ya Vigogo. Kiboko cha ngozi hupatanishwa kwa cha: kiboko cha mwalimu. Kiboko wa mtoni hupatanishwa kama mnyama: kiboko amezama. Lakini kiboko mwenye maana ya anayewaweza wengine huchukua ya, kama katika usemi wa kawaida kiboko yake au kiboko yao. Vigogo nao wamesafiri. Kigogo cha mti hukatwa na hubebwa; kigogo wa mjini huheshimiwa, na wingi wake huchukua wa-: vigogo wamefungwa. Kwa hiyo katika maneno matatu tu, mji wa Morogoro ulikuwa umeunda kirai ambacho nomino zake zote mbili zimeacha upatanisho wake wa KI-VI. Anayedhani kwamba mtaa hauna sarufi na aanze na jina hilo.

7.0 Darasani na katika chumba cha habari

Madhara ya suala hili si ya nadharia tu. Mwanafunzi wa sekondari anayeandika Simba wameshinda katika mtihani huweza kupoteza alama kwa maelezo kwamba timu ni moja. Mwanafunzi huyo huyo akiandika familia wamelala au polisi wamefika, huenda asisahihishwe. Usahihishaji wa namna hiyo haufuati kanuni; hufuata mazoea ya msahihishaji. Mwanafunzi anachojifunza ni kwamba lugha anayoisikia nyumbani haina mantiki, na hilo si kweli.

Hii haina maana kwamba kila kitu kikubalike. Katika maandishi rasmi i- inabaki kuwa chaguo la msingi pale klabu inapotajwa kama taasisi: mikataba, hukumu, msimamo wa ligi, historia ya kuanzishwa. Wa- ni chaguo halali pale wanapotajwa watu wakitenda. A- na tu- zina nafasi yake katika mazungumzo, hadithi, tamthilia na makala yenye sauti ya mtaa. Kosa halisi la kisarufi ni kuanza na watu kisha kurudi kwenye taasisi bila sababu, kama ilivyoonyeshwa katika sehemu ya 5.0. Kosa hilo ndilo linalofaa kupigwa mstari mwekundu.

Kamusi nazo zina la kuongeza. Kwa kawaida kidahizo huonyesha ngeli ya nomino ya kawaida, na jina la pekee huachwa. Vitabu vya sarufi vingeweza kuongeza kifungu kifupi kuhusu nomino zilizofichika: gazeti, mto, timu, kata, kampuni. Mgeni anayejifunza Kiswahili angeokolewa na kifungu hicho asishangae kwa nini Ruvu umefurika asubuhi na imefungwa jioni.

8.0 Hitimisho

Katika orodha ya mabingwa wa Tanzania, msimu wa 1975 ni mstari mmoja: mwaka, kisha jina Mseto. Orodha haina kitenzi, kwa hiyo haina kiambishi. Anayeisoma kwa sauti ndiye atakayechagua. Akisema ilitwaa, atakuwa ameitaja klabu. Akisema walitwaa, atakuwa amewakumbuka wachezaji waliokimbia uwanjani msimu mzima. Akisema tulitwaa, atakuwa amesimama upande wa mji.

Chaguo hilo la tatu lina muda wake. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1975 sasa ametimiza au amevuka miaka 70. Wanaoweza kusema tulichukua ubingwa kwa kuwa walikuwapo wanapungua Mwembesongo na katika kata nyingine za Morogoro, na baada yao itabaki i- ya vitabu. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za utafiti wa uwandani hawana haja ya kwenda mbali. Wachukue kinasa sauti, wawaendee wazee hao, wawaombe wasimulie msimu wa 1975 tangu mchezo wa kwanza hadi wa mwisho, na wasiwakatize kuwasahihisha. Kisha wahesabu viambishi, na waangalie ni katika dakika gani ya masimulizi ambapo ilishinda inageuka walishinda, na walishinda inageuka tulishinda.